Mafundi, msizibe pampu za oili

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na mafundi wa pikipiki, hasa vijana.

Ninayo Yamaha DT175 ya zamani, ile ya injini ya mipigo miwili. Niliipanda miaka mingi nikiwa bwana shamba huku Makete, nikaja kuinunua mnadani mwaka 2009. Wajukuu wanaiita Moshi.

Marekebisho siyakatai. Nyuma niliongeza sproketi yenye meno matatu zaidi, sasa inapanda na gunia la viazi bila kulalamika. Kwenye kabureta niliweka jeti ndogo, maana huku juu, zaidi ya mita 2,000, hewa ni nyepesi na petroli ilikuwa inazidi. Plagi ilikuwa ikitoka nyeusi, imelowa chepechepe. Bomba la moshi ndilo nililokataa lisikatwe. Lile tumbo lake si pambo: wimbi la moshi hugonga mwishoni likarudi, likazuia petroli mbichi isitoroke. Ukilikata unapata kelele, nguvu hupati.

Nilipokosea ni kwenye pampu ya oili, ile inayovuta oili kutoka kitangi chake na kuilisha injini ili isikwaruzike. Fundi mmoja aliniambia, "Mzee, hizi pampu ndizo zinaua injini. Tuizibe, uchanganye mwenyewe kwenye tangi." Nikakubali. Mililita 25 kwa kila lita ya petroli, napima kwa kikombe cha dawa ya kikohozi. Mambo yakaenda mpaka siku mwanangu alipoiazima ikiwa imekauka tangi. Akajaza petroli tupu sheli, kama anavyoijazia pikipiki yake ya kichina. Kwenye mlima wa kwenda Bulongwa ikanoki, gurudumu la nyuma likakaza. Aliwahi klachi, vinginevyo ningekuwa naandika barua nyingine. Tulipofungua, pistoni ilikuwa imekwaruzika upande wa tundu la moshi kama mlango uliopambana na paka. Kuchonga silinda, pistoni ya saizi kubwa, ringi: mbuzi wawili wakaondoka zizini.

Vijana wangu, ile pampu inazungushwa na injini yenyewe na imefungwa waya unaotoka kwenye mkono wa mafuta, ule mnaouzungusha kuongeza mwendo. Mkiteremka mlima mrefu mmeachia mafuta, injini inazunguka kwa kasi lakini petroli inayoingia ni kiduchu, na oili iliyochanganywa humo nayo ni kiduchu. Pampu hapo bado inatoa kidogo chake. Na mara nyingi haijafa. Mwenye pikipiki ameacha kitangi cha oili kikauke, hewa ikaingia kwenye mpira wa kupitishia oili. Legezeni ile skrubu ya kutolea hewa, subirini mapovu yaishe, kazeni. Hata chai haijapoa.

Yangu fundi aliitupa. Kama kuna msomaji mwenye pampu nzima ya DT175, hata kutoka kwenye pikipiki iliyokufa, amwandikie mhariri. Bei tutaelewana, na viazi nitaongezea.

Bwana shamba mstaafu,
Makete, Njombe