Barua kwa wanangu mnaopanda mlimani kila Desemba

Wanangu wapendwa,

Nawasalimu kwa jina la Bwana wetu. Naandika barua moja kwa wote, ninyi wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza na mlioko ng'ambo, maana nikimwandikia mmoja mmoja kila mtu atadhani namsema yeye peke yake.

Jikoni kwangu, juu ya kabati la vyombo, nimegongomea misumari saba. Kila msumari umebeba funguo za nyumba moja ya hapa Machame, mlimani Kilimanjaro, nyumba ambazo wenyewe mnalala humo siku kumi, labda kumi na mbili kwa mwaka. Mliniachia kidogo kidogo: "Mzee, tushikie tu, wewe si uko hapo." Nikapokea kwa moyo mmoja. Wengine wenu niliwabeba siku ya ubatizo, ningekataaje funguo?

Mwezi wa sita, mvua za masika zilipokwisha, nilifungua nyumba mojawapo niingize hewa. Harufu ya ukungu ilinipokea mlangoni. Chumba cha wageni kina kitanda cha mninga, sita kwa sita, na godoro lake bado limo kwenye nailoni ya dukani. Panya wameingia kwa chini, wametoboa, wamezalia humo. Jokofu halijawahi kuchomekwa, na mpira wa mlango wake umeota madoa meusi. Kabatini nikahesabu vikombe dazeni sita. Nilisimama pale nimeshika kimoja, bado kina karatasi ya bei chini yake. Nyuma ya ukuta wa nyumba hiyo anakaa mjane mwenye wajukuu wanne, nao wote wanne wanalala godoro moja.

Sisemi mali ni dhambi. Ibrahimu alikuwa na mifugo, Ayubu alirudishiwa maradufu, na baba zenu walisomeshwa kwa fedha ya kahawa iliyopelekwa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanza mwaka 1933. Ilikuwa fedha ya halali nayo ilifanya kazi yake. Ila ule mfano wa Luka 12, wa tajiri na maghala, nimeusikia tangu utoto na siku zote nimeupita juu juu. Safari hii nilikaa nao. Yule mtu hatuambiwi kwamba aliiba, wala kwamba alimdhulumu kibarua. Shamba lake lilizaa, basi. Kilichonichoma ni kwamba katika kisa chote hana mtu wa kuongea naye. Anawaza peke yake, anajiuliza mwenyewe afanye nini, kisha anaiambia nafsi yake ipumzike, ile, inywe, ifurahi. Hatajwi mke, jirani wala mtumishi. Anayekuja kusema naye ni Mungu, na huo ndio usiku wake wa mwisho.

Upweke huo nauona huku kwetu. Kihamba, shamba la ukoo la babu zenu, kilikuwa na migomba juu, kahawa chini yake, maharage na magimbi chini kabisa, na mpaka wake ni isale, ule mmea wa majani marefu. Mtu akipita njiani anaona nani yumo, anapiga hodi. Sasa migomba imeng'olewa pakawekwa pevingi, na masale yameng'olewa pakajengwa ukuta wenye vigae vya chupa juu. Isale, wanangu! Jani ambalo Mchaga akikuletea mkononi humnyimi msamaha. Tumeliondoa mpakani, mahali pake tumepanda chupa. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ya kuzibua mfereji tunatokea wazee wachache na akina mama. Ninyi mnatuma hela, nasi tunashukuru, lakini tope la mfereji linangoja mikono.

Nami nimo katika hili. Ijumaa Kuu iliyopita sikwenda ibada. Bomba lilipasuka kwenye nyumba ya mmoja wenu, fundi akasema atafika saa tatu, nikamngoja barazani mpaka saa nane. Nilisikia kengele, nikasikia watu wanaimba kule bondeni, nami nimeketi nalinda marumaru za watu zisiharibiwe na maji. Tangu nipate kipaimara, nikiwa mzima, sikuwahi kuikosa siku ile. Usiku nililia mbele za Mungu. Ikiwa mali isiyo yangu imeniweka mbali na msalaba, hiyo iliyo yenu inawaweka umbali gani? Nawaona mkifika Desemba. Siku tatu za kwanza ni kufagia na kuua mende, mbili zinazofuata ni kumtafuta fundi wa geti na wa sola. Mkesha wa Krismasi umewakuta mmelala kwa uchovu. Mama zenu wamekaa jikoni na mtori umepoa, wakingoja mtu aje aketi nao tu.

Basi nawaomba. Desemba hii, kabla hamjafunga milango, toeni kila kitu ambacho hakikuguswa tangu Desemba iliyopita: vikombe, mablanketi, magodoro ambayo bado ni mazima. Vingine vipelekeni kwenye mnada baada ya ibada. Godoro la mjane mpelekee mwenyewe kwa mkono wako, usimtume kijana wa kazi, na ukifika uketi, unywe chai yake. Mwenye vyumba vitano amkaribishe mwalimu wa shule ya msingi au muuguzi wa zahanati akae bila kodi; wanapanga vyumba vinavyovuja, na nyumba inayopikwa ndani haiozi upesi. Na yule anayetaka kuongeza ghorofa asimamishe kwanza mafundi, awaulize wanawe kwa majina ni nani atakayelala huko juu. Akikosa jibu, ile saruji ipo kazi yake kwenye banio la mfereji.

Mimi baada ya Mwaka Mpya sitashika funguo tena. Nimeshazipanga, kila moja na kitambaa chake chenye jina la ukoo. Njooni mzichukue wenyewe, tutasali pamoja kwanza. Za nyumba ya geti jekundu, ule mkubwa umepinda kidogo. Inueni mlango kwa bega ndipo mzungushe.

Baba yenu,
mzee wa kanisa mstaafu, Machame