Barua kwa Mama Neema, kabla hajahamia Lubumbashi

Lubumbashi, mwezi wa nane

Mama Neema, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Neema na watoto. Ujumbe wako umefika, na nimeona kwamba habari ya nyumba na shule haikusumbui sana kama habari ya joto. Eti umeambiwa Lubumbashi ni tanuri, watoto watashinda ndani. Aliyekuambia hivyo atakuwa alipita hapa mwezi wa kumi akaondoka mvua haijaanza.

Mwezi wa sita na wa saba huku ni baridi kweli. Usiku huwa chini ya nyuzi 10, na hata ninyi mliokulia Bukavu mtatafuta blanketi la pili, kwa hiyo makoti ya watoto usiyagawe. Jua linaanza kukaza mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi mchana hufika nyuzi 32 au 33, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sahani, maana tangu mwezi wa nne au wa tano hakujanyesha. Mwezi wa kumi na moja mvua inashika na hewa inapoa. Shida yenu ni kwamba mnafika wakati huo wa jua kali ndio unaanza.

Lakini watoto wa huku hawafungiwi. Wanafuata saa. Saa kumi na mbili kasoro kumeshakucha, na mpaka saa nne asubuhi wanacheza vizuri tu. Kuanzia hapo mpaka saa kumi ni kivulini. Parsela nyingi, yaani viwanja vya nyumba, zina mwembe, na chini ya mwembe ndipo maisha yote yanapofanyika: mboga inachambuliwa, nywele zinasukwa, masomo yanarudiwa, wadogo wanawekewa beseni la maji wajimwagie. Ukitafuta nyumba, nakuomba uangalie mwembe kabla hujaangalia vigae. Na bidoni za maji zijazwe usiku, kwa sababu bomba halina ahadi.

Saa mbaya kuliko zote ni ile ya kutoka shule. Watoto wanaachiwa katikati ya mchana, jua liko utosini, na njia ya kwenda nyumbani haina mti. Mnunulie kila mmoja mwavuli wa jua, hakuna atakayemcheka, huku hata wakubwa wanatembea nao. Chupa ya maji iwe ndani ya mfuko wa vitabu. Mtoto akilalamika kichwa kinauma na mkojo wake umekuwa wa manjano sana, mkalishe kivulini, umlowanishe kwa kitambaa, umnyweshe kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa au kutapika bila kukoma, usingoje jioni, kimbilia hospitali.

Sasa nikupe raha ya mji huu, ambayo Bukavu haiwezi kuwapa: ardhi tambarare! Kwenu mtoto akitoka mlangoni ni kupanda au kuteremka, baiskeli ataijulia wapi? Huku saa kumi jioni barabara za kartie, yaani za mtaa, zinajaa watoto juu ya baiskeli, wengine wawili juu ya moja, wanapishana na wale wanaosukuma magunia ya makaa. Wavulana wanapiga mpira, karibu wote ni wa Mazembe, timu ya mji huu, na hapo Baba Neema aangalie mdomo wake. Wasichana wanacheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kupiga makofi, mpaka mavumbi yanafika magotini. Giza linaingia kama saa kumi na mbili na nusu, na mbu wanaanza kazi. Malaria huku ni nyingi kuliko mlivyozoea huko mlimani, basi vyandarua msisahau.

Siku ya Jumapili mnaweza kwenda bustani ya wanyama, mjini. Kuna miti mikubwa na nafasi ya kukimbia. Nenda mapema, maana mchana hata simba wamelala na watoto wanabaki kudai soda. Mchana wenyewe mimi napendelea jumba la makumbusho: pametulia, na watoto wanaona ile misalaba ya shaba ambayo wazee wa huku Katanga waliitumia kama pesa. Mwezi wa tisa mijakaranda inachanua katikati ya mji, njia zinageuka zambarau, na kutembea hapo asubuhi hakulipiwi. Kipopo, nje ya mji, watu wanakwenda kupunga hewa kando ya maji.

Kando ya maji, nimesema. Watoto wako wamezoea kujitupa Ziwa Kivu kama bata, lakini huku mito na madimbwi yanatembea polepole na yana konokono wa kichocho. Wakatazeni tangu siku ya kwanza. Jambo lingine ni lile jilima jeusi la mabaki ya kuyeyusha shaba, pembeni ya bomba refu la moshi. Litawavutia, ni kubwa na linaonekana kila mahali. Lakini vumbi la upande ule lina madini ya risasi na mengine, na mtoto mdogo anapata sumu kwa kutia vidole mdomoni. Michezo iwe mbali na pale, na mikono ioshwe kabla ya bukari, yaani ugali, hata kama mnakaa kartie nyingine.

Mkifika nitawawekea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wa baridi, kama umeme utakubali. Maembe yatakuwa bado mabichi, lakini masuku, matunda ya porini, yataanza kuonekana sokoni mkishakaa kidogo, na Neema atayapenda.

Niandikie urefu wa Neema na wa mdogo wake. Kuna fundi hapa kartie anayetengeneza baiskeli za watoto zilizokwisha kutumika, na shule zikifunguliwa bei inapanda. Nataka niwazuilie mbili mapema.

Wako,
Mama Ilunga