Kodiani bila bendi

Ndugu Mhariri,

Mhakiki wenu wa muziki ametuonya kwamba mpiga kodiani wa Ireland akirekodi albamu peke yake, bila mwimbaji wala bendi, msikilizaji anachoka kabla ya kufika katikati. Nadhani alisikiliza kwa masikio ya taarabu, akingoja fidla na ganuni ziingie. Haziingii.

Kodiani inayopendwa zaidi katika muziki wa jadi wa Ireland haina vibao kama vya piano. Ina vifungo, kwa kawaida safu mbili, na kila kifungo kina sauti mbili: ukisukuma mvukuto inatoka moja, ukivuta inatoka nyingine. Ndiyo maana namna ya kuendesha hewa ni nusu ya ufundi wenyewe. Safu hizo hupishana kwa nusu toni, na hapo wapigaji wamegawanyika. Paddy O'Brien wa Tipperary aliusambaza mtindo wa safu moja ya ufunguo wa B na nyingine wa C, ambao huuacha muziki utiririke bila kugeuza mvukuto kila mara. Joe Cooley wa Galway alibaki na mtindo wa zamani wa kusukuma na kuvuta, wenye mdundo mkavu unaowainua watu vitini. Albamu yake ilitoka mwaka 1975, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki mwaka 1973. Tofauti ya wawili hawa ukiifunika kwa gitaa na ngoma, imekwenda.

Mhakiki analalamika pia kwamba rili, zile nyimbo za haraka za dansi, zinajirudia. Ni kweli, zinajirudia! Rili ina sehemu mbili fupi, kila moja hurudiwa, kisha wimbo mzima huanza upya mara mbili au tatu kabla ya kuunganishwa na mwingine. Ni muziki wa kuchezwa. Lakini fundi hapigi mzunguko wa pili kama wa kwanza: hapa anaongeza noti tatu za haraka, pale anaacha pengo, mahali pengine anabana besi za mkono wa kushoto zisisikike kabisa. Anayetaka kuyasikia hayo asikilize nyimbo mbili tatu kwa jioni, asimeze albamu nzima kwa mkupuo.

Halafu kuna nyimbo za polepole, ambazo uhakiki haukuzigusa hata kidogo. Hizi ni sauti za nyimbo za Kiirishi zinazopigwa bila mdundo maalumu, na mpigaji asiyejua maneno ya wimbo hajui pa kuvuta pumzi. Msikilizeni Tony MacMahon wa Clare katika albamu yake ya mwaka 1972. Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe aliisema vibaya kodiani hadharani, akiona haiufai muziki huo wa kale, ilhali ni wachache walioipiga kwa uchungu kama wake. Alifariki mwaka 2021.

Naomba mumpe mhakiki nafasi ya pili. Na mkipanga kurasa zijazo, mtumeni mwandishi Unguja, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, azungumze na wapiga kodiani wa taarabu. Awaulize wangerekodi nini iwapo wangeachiwa studio siku nzima bila bendi.

Msomaji wenu,
Tanga