Barua kwa mdogo wangu: keti mbele ya picha moja

London

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Maneno haya tumeyaandika kwenye kila barua tangu utoto bila kuyafikiria. Leo nimeyaandika, nikarudia kuyasoma, maana swali lako linahusu macho hayo hayo. Unasema mmeanza somo la sanaa, mwalimu anataka mjifunze kuthamini kazi za sanaa, na wewe ukitazama picha unaona picha tu, basi. Unaogopa kwamba huna kipaji.

Kipaji hakina kazi hapa. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipita vyumba vya National Gallery, jumba la picha la hapa London, kama mtu anayewahi treni. Nilitaka kuziona picha zote siku moja. Nikatoka miguu inauma, na hakuna hata moja niliyoikumbuka. Mara ya pili nilichoka mapema, nikakaa kwenye benchi mbele ya picha moja kwa sababu benchi lilikuwa pale. Ngoja nikukalishe hapo nilipokaa.

Picha yenyewe huitwa Mabalozi. Hans Holbein, Mjerumani, aliichora mwaka 1533 akiwa Uingereza, kwa rangi ya mafuta juu ya mbao za mwaloni. Kila upande una zaidi kidogo ya mita mbili, kwa hiyo watu waliomo ni wakubwa kama watu kweli. Kushoto amesimama Jean de Dinteville, balozi wa Ufaransa, na joho lenye manyoya. Kulia ni rafiki yake Georges de Selve, askofu. Umri wao umo ndani ya picha: 29 kwenye ala ya jambia la balozi, 25 kwenye kitabu alichoegemea askofu. Katikati yao kuna rafu mbili zilizojaa vitu: tufe la nyota, vipimo vya jua, tufe la dunia, kitabu cha hesabu, kitabu cha nyimbo za kanisani, na udi, ile ala ya muziki yenye nyuzi.

Nilianza kuvihesabu, sina lingine la kufanya. Nilipofika kwenye udi nikaona uzi mmoja umekatika, ncha yake imejikunja. Nikashtuka. Huyu aliyechora manyoya hadi unatamani kuyapapasa, angeshindwa kuchora uzi mzima? Aliukata kwa makusudi. Kuanzia hapo sikuweza tena kuitazama picha ile kama pambo la ukutani. Kuna mtu alikuwa ananiambia jambo.

Halafu nikaona kile kitu cha chini, miguuni mwao: kirefu, cha kijivu, kimelala mshazari, hakifanani na chochote. Nilidhani picha imeharibika. Mhudumu wa chumba akaniona ninavyokunja uso, akanionyesha kwa mkono nisogee kulia, hadi karibu kabisa na ukuta. Nikasogea. Lile doa likajikusanya polepole, likawa fuvu la kichwa cha mtu, kamili, na mashimo ya macho. Na wale mabwana wawili, pamoja na elimu yao yote na mavazi yao, wakabanwa hadi hawaonekani vizuri. Ukiwaona wao, fuvu hulioni. Ukiliona fuvu, wao wamepotea. Siwezi kukueleza nilivyosimama pale.

Sasa angalia nilivyofika huko. Sikuanza na maana. Nilianza na vilivyomo, kimoja kimoja, na maana ikaja yenyewe. Watu wengi hukosea hapo: wanaikimbilia maana, wasipoipata wanaona aibu, wanaondoka. Kile kibao cha maelezo cha pembeni mimi hukisoma mwisho. Nikikisoma kwanza, macho yangu yanatafuta kilichoandikwa tu, mengine yote hayayaoni.

Baada ya vilivyomo, tazama vilivyofanywa. Mwanga unatoka upande gani? Rangi ipi imeachwa peke yake? Jicho lako lilitua wapi kwanza, na nani alilipeleka huko? Kwa Holbein huoni alama hata moja ya brashi, kama vile picha ilijiotea yenyewe. Lakini katika jumba lile lile kuna alizeti za Vincent van Gogh, za mwaka 1888, manjano juu ya manjano. Rangi ameipaka nzito, mbegu zimetokeza nje kama zilizobandikwa, na mkono wa mtu unauona ukienda na kurudi. Mmoja amejificha, mwingine anaonekana katika kila mpako. Yupi bora? Swali hilo halikusaidii kitu. Uliza kila mmoja alitaka nini, na kama alikipata. Na usichanganye "sikuipenda" na "ni mbaya". Una haki kamili ya kutoipenda kazi nzuri.

Umeniuliza pia kuhusu aina za sanaa, kwamba mmepewa orodha ndefu mkariri. Kariri, mtihani ni mtihani. Lakini mimi nimekuja kuzijua kwa njia nyingine, kwa kile ambacho kila moja inautaka mwili wangu ufanye.

Picha inakutaka usimame au ukae. Sanamu inakutaka uizunguke. Katika bustani iliyo kando ya Bunge hapa London kuna sanamu ya shaba ya Auguste Rodin, Wananchi wa Calais. Ile ya kwanza ilizinduliwa Calais kwenyewe, mji wa Ufaransa, mwaka 1895. Ni wanaume sita. Mwaka 1347 mji wao ulikuwa umezingirwa na mfalme wa Uingereza, watu wanakufa njaa, na hawa sita wakajitoa wauawe ili wengine wapone. Wana kamba shingoni, mmoja kashika ufunguo wa mji. Nimelizunguka kundi lile mara nyingi na sijapata mahali pa kusimama nikaziona nyuso zote sita kwa pamoja. Ukimfuata mmoja, mwingine anakupa mgongo. Mikono na miguu yao ni mikubwa kuliko kawaida, na uzito wa hatua zile unausikia kwenye miguu yako mwenyewe. Rodin alitaka wawekwe chini, usawa wa ardhi, ili wapita njia wakutane nao kama watu. Hawana ushujaa wa kifua mbele. Mmoja amejishika kichwa kwa mikono miwili. (Mwishowe malkia aliwaombea, wakasamehewa, lakini Rodin amewachonga wakiwa bado hawajui.)

Jengo linakutaka uingie. Kanisa la St Paul's, lililojengwa na Christopher Wren kati ya 1675 na 1710, lina kuba linaloonekana toka mbali. Ukiingia ndani ukatazama juu, unadhani unaliona kuba lile lile kwa upande wa pili. Sivyo. Lile la ndani ni jingine, fupi zaidi, lililopimwa kwa ajili ya macho ya aliye ndani. La nje limepimwa kwa ajili ya macho ya mji. Na katikati yao umejificha mnara wa matofali wenye umbo la pia, ndio unaobeba uzito wa jiwe la kileleni. Nilipojua hivyo nilirudi tena kusimama chini yake. Usanifu wa majengo ni sanaa ambayo watu huishi ndani yake bila kuitupia jicho, nami naona hiyo ni hasara.

Muziki haukusubiri. Picha nitairudia kesho, lakini sauti ikishapita imepita, kwa hiyo kinachosikiliza hasa ni kumbukumbu yako. Simfonia ya tano ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, inaanza na sauti nne, tatu fupi na moja ndefu. Ukizishika hizo nne tu, utazisikia zikirudi, mara kwa fidla, mara kwa tarumbeta, mara zikinong'ona chini kabisa. Huhitaji kujua kusoma noti. Dansi ni ndugu wa muziki, ila chombo chake ni mwili wa mtu, nao unachoka na kuzeeka, na uchovu huo ni sehemu ya uzuri wake. Tamthilia nayo inazaliwa na kufa kila jioni: mwigizaji yule yule, maneno yale yale, kesho si ile ya jana. Fasihi unaijua wewe kuliko mimi, sitakusumbua. Filamu ni changa kuliko zote hizi. Ndugu wawili Lumière walianza kuwaonyesha watu picha zinazotembea, kwa kiingilio, huko Paris tarehe 28 Desemba 1895, na imekopa kwa dada zake wote. Cha kwake hasa ni mkato: uso, kisha mlango, na wewe mtazamaji unaunganisha mwenyewe kwamba mtu yule anaogopa.

Kuna kazi mbili nyingine lazima nikuambie, ingawa karatasi inaisha.

Tate Modern, jumba jingine la sanaa hapa London, kuna chumba chenye mwanga hafifu, na humo picha kubwa za Mark Rothko: wekundu uliokolea, weusi, maumbo kama madirisha yaliyofungwa. Hakuna mtu wala kitu. Nilikasirika, nikaona nimedanganywa. Nikajilazimisha kukaa. Baada ya dakika kadhaa zile kingo za rangi zikaanza kutikisika, wekundu ukaja mbele, ukarudi, na kifua changu kikawa kizito. Hapo palikosekana vitu vya kuhesabu, ikabidi nijihesabu mwenyewe. Picha zile zilifika London siku ile ile aliyokufa Rothko, tarehe 25 Februari 1970.

Na British Museum, jumba la makumbusho, chumba cha chini, kuna mabamba ya shaba kutoka ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, yaliyokuwa yakipamba nguzo za jumba la mfalme. Mafundi walitengeneza umbo kwa nta, wakalifunika kwa udongo, wakalichoma moto nta ikayeyuka ikatoka, wakamimina shaba mahali pake. Kisha udongo huvunjwa, kwa hiyo kila kazi ni moja tu, hairudiwi. Nilivutwa na shanga za shingoni, zimefuatana moja moja kwa utulivu wa ajabu. Lakini majeshi ya Uingereza yaliivamia Benin mwaka 1897, yakayachukua, na nami siwezi kuyatazama mabamba yale nikaliweka hilo pembeni. Namna kitu kilivyofika ukutani ni sehemu ya kitu chenyewe. Mwalimu wako asipoligusia hilo, muulize, kwa adabu.

Nimekutumia ndani ya bahasha kadi yenye picha ya Mabalozi. Usiiegeshe kwenye kitabu ukaisahau. Fumba jicho moja, lete ukingo wake wa kulia karibu kabisa na jicho lililo wazi, uiinamishe kidogo kidogo, fuvu litajitokeza. Ukishaliona, nenda juu kabisa, pembe ya kushoto, pale pazia la kijani linapoishia. Kuna kitu pale, nusu yake kimefichwa. Mimi nilikipita mara tatu. Sikuambii ni nini. Kitafute mwenyewe, kisha niandikie umeona nini na unadhani kwa nini kimewekwa pale na si katikati.

Mpe mama na baba shikamoo zangu, na kadi hiyo waonyeshe na wao, ila usiwaambie lile doa ni nini hadi walione wenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye