Tofauti ya petroli na umeme iingie mfuko wa bodaboda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu pikipiki za umeme, maana nimechoka kusikia zikitetewa na watu wa semina peke yao. Ukiwasikiliza wao utadhani bodaboda wa Tabata ataacha petroli kwa sababu ya tabianchi. Hataacha. Ataacha siku atakapoona kwamba jioni, akishatoa hesabu ya tajiri mwenye pikipiki, kuna kitu cha maana kimebaki mfukoni.

Mimi ni fundi pikipiki, Buguruni. Riziki yangu inatoka kwenye ubovu wa injini za petroli: kumwaga oili, kusafisha kabureta, kubadilisha plagi, kukaza cheni, na chombo kikishachoka kabisa, kushusha injini na kuweka pistoni na ringi mpya. Mtu angetarajia niwe wa kwanza kuziponda hizi za umeme, na kweli wenzangu wengi wanaziponda. Mimi nazipenda, na kila ninayoifungua inanizidishia mapenzi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa kijiweni. Dereva anayezunguka kutwa, Tabata, Kariakoo, Mbagala na kurudi, kilomita 120 anazifikisha bila shida. Boxer au TVS iliyotunzwa, kwa foleni za mji huu, inakwenda kama kilomita 40 kwa lita. Hapo lita 3 zimeteketea. Petroli miaka hii ya karibuni imekuwa ikicheza jirani na shilingi 3,000 kwa lita, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei mpya tunaomba Mungu. Tuseme ni 9,000 kwa siku. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo inakula uniti 4 hadi 5, na uniti moja ukinunua kwa LUKU ya kawaida, pamoja na kodi zake, inafika shilingi 350 na kidogo. Piga mwenyewe: haizidi 1,800. Na hapo sijaweka lita ya oili kila baada ya wiki mbili hivi, ambayo mimi mwenyewe ndiye ninayemuuzia. (Oili chafu inakokwenda baada ya hapo tusiulizane sana. Gereji nyingi za mtaani zinaimwaga mtaroni, na mitaro ya huku kwetu inaelekea Mto Msimbazi.)

Tofauti hiyo haina uchawi. Injini ndogo ya petroli inageuza kuwa mwendo kama robo tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta, kiasi kinachobaki kinapotea kama joto. Mota ya umeme inafikisha kwenye tairi zaidi ya asilimia 80 ya umeme iliopewa. Joto la petroli abiria wa Dar wanalijua vizuri kuliko mhandisi yeyote. Tazama kigimbi cha kulia cha dada anayepanda bodaboda kila siku kwenda kazini, upande wa ndani, uone ni wangapi wana kovu la ekzosi. Pikipiki ya umeme haina ekzosi. Sijawahi kusikia mtu akilitaja hilo kwenye matangazo yao, na nadhani lingeuza kuliko maneno yote ya hewa ukaa.

Ukija kwenye ufundi wenyewe, nyingi zina mota ndani ya rimu ya nyuma. Klachi hakuna, gia hakuna, kabureta, plagi na filta vyote hakuna, na cheni ya kulegea katikati ya barabara ya Mandela haipo. Kuna betri, nyaya, kontrola ambayo ndiyo ubongo wake, na breki kama za kawaida. Ukifungua mkono inaondoka hapohapo, haisubiri injini ipande mizunguko, ndiyo maana mlima wa Goba ukiwa na abiria mnene huoni taabu. Hivi karibuni kijana aliniletea yake inazima na kuwaka, amekata tamaa, ameshaambiwa betri imekufa. Nikafungua soketi ya betri nikakuta mchanga na ukoko wa kijani kwenye vyuma vyake: alikuwa anaioshea kwa maji ya presha pale wanapoosha magari. Nikasugua kwa brashi kavu, nikapangusa kwa spiriti, nikaacha ikauke. Ikawaka. Wenye pikipiki hizi mtusikie jamani, presha si yake. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Najua yanayosemwa. La kwanza, kwamba betri zinakufa baada ya mwaka. Sifa hiyo mbaya imeletwa na zile skuta za bei poa zenye betri za asidi, ambazo ukizichaji na kuzimaliza mara 300 hadi 500 zimekwisha habari yake. Betri nzuri za lithiamu, hasa zile za fosfeti ya chuma, zinavumilia mara 2,000 na zaidi kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80. Kwa hiyo kabla hujauliza bei uliza betri ya aina gani, na muuzaji akianza kujiumauma ondoka.

La pili ni umeme kukatika. Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 hatujausahau. Lakini pampu za sheli nazo zinatumia umeme, bila jenereta hazivuti hata tone. Tena tangu wakati ule Bwawa la Julius Nyerere limeingia, mitambo 9, megawati 2,115, na treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024. Kama tunaweza kuvuta mabehewa hadi Dodoma, pikipiki ya kutoka Sinza hadi Posta itatushinda nini? Bodaboda wengi wanalala usiku, saa ambazo matumizi ya umeme yamepungua. Petroli kwa upande wake inakuja na meli, yote, na inalipiwa kwa dola.

Yapo ambayo ni kweli na siyapingi. Mtu wa safari ndefu za Chalinze abaki na petroli yake kwa sasa. Na ule ukimya una hatari zake huku uswahilini, mtoto anayecheza uchochoroni haisikii ikija, dereva ajizoeze honi na mwendo wa pole.

Ninachokiogopa mimi ni kingine kabisa, nacho ni betri kuwa mali ya nani. Ndicho kitu ghali kuliko vyote kwenye chombo, kwa hiyo kampuni zinamuuzia dereva pikipiki bila betri, naye anakwenda kituoni kubadilisha: anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa, dakika mbili tatu yuko barabarani. Wazo lenyewe zuri sana. Tatizo ni kwamba betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile, umbo mbali, soketi mbali, na nyingine zina programu inayoweza kuzima chombo kwa mbali ukichelewa kulipa. Dereva wa petroli akiona sheli hii inamwibia anavuka barabara. Huyu wa umeme atavuka aende wapi? Siku kampuni ikiamua kupandisha bei ya kubadilisha betri hadi ikaribie bei ya petroli, ile tofauti ya 1,800 na 9,000 itakuwa imehamia kwao, na kijana wetu atakuwa amebadilisha tu mtu wa kumkamua. Kampuni ikifunga ofisi ndiyo balaa zaidi, atabaki na chuma kizima kisichotembea huku mkataba wa tajiri unamdai kila siku.

Majirani wameshasogea. Kigali tangu Januari 2025 hawasajili tena pikipiki mpya ya petroli kwa ajili ya kubeba abiria, na Kenya waliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri mwaka 2023. Sisemi tupige marufuku petroli hapa Dar, tutaumiza watu wenye mikataba ambayo haijaisha. Bei maalumu ya kuchaji usiku, hiyo ningeipokea kwa mikono miwili, na TANESCO na EWURA wanajua njia ya kuipanga kuliko mimi.

Shirika la Viwango, TBS, lingetufaa sana likiweka kiwango kimoja cha soketi na umbo la betri za pikipiki za biashara mapema, wakati hizi pikipiki bado chache na hakuna kampuni iliyoota mizizi ya kugoma. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wakati wa kutoa leseni waangalie mikataba ya betri kama wanavyoangalia kofia ngumu: bei ya kubadilisha iandikwe, na masharti ya kuzima chombo yaandikwe kwa Kiswahili ambacho dereva anakielewa. Na chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, kozi fupi ya jioni ya mota, kontrola na betri kwa sisi tulioko gereji za mtaani, ada ya kulipika, wasiweke sharti la cheti cha kidato cha nne. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na nina vijana wawili wa kuja nao.

Fundi pikipiki,
Buguruni, Dar es Salaam