Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

Poleni na mavuno. Tumefunga muhula salama, na shukrani zangu za kwanza ni za uzio. Mnakumbuka ng'ombe walivyokuwa wakikatisha katikati ya madarasa, na vijana wasiojulikana wakipita nyuma ya hosteli ya wasichana saa yoyote. Mlikuja vitongoji vyote na vipando vya minyaa, mvua ikiwa bado ardhini. Mzee mmoja ambaye hana hata mjukuu hapa alileta mkokoteni wake wa punda mpaka kona ya mwisho ikafungwa. Minyaa imeshika. Wanafunzi wameshaonywa kuhusu utomvu wake na macho. Nawapongeza kwa moyo wote.

Ripoti za mitihani anazo mwanao, zisome, uzisaini. Sare na nywele, utaratibu ni uleule.

Sasa njia ya korongoni. Kwenye kikao cha Februari, mbele ya Bodi ya Shule na Mtendaji wa Kata, mlikubali kila kitongoji kitoe watu wazima wa kusindikiza watoto jioni. Kufikia Aprili zamu ilikuwa imekufa. Nilishuka mwenyewe nikakuta bodaboda zimepaki chini ya mbuyu, na wasichana wa Kidato cha Pili wakipakizwa wawili wawili bila nauli. Haukupita muda, mmoja wao alimweleza mwalimu wa malezi malipo aliyokuwa akidaiwa. Tulitoa taarifa polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kilichoniuma ni wazee waliokuja ofisini kuniomba niifute taarifa, yaishe kifamilia, kwani mbuzi alishatolewa. Sikukubali na sitakubali. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Mnataka tungoje hadi hapo? Na wapo madereva waungwana, baadhi yenu mkiwemo, ndio walionidokeza. Mtu akiogopa kuja kwangu, apige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Chakula nacho ni sehemu ya jambo hilihili. Ada ilifutwa tangu 2016, lakini makande ya mchana yanategemea mahindi na maharage mliyokubaliana wenyewe. Zaidi ya nusu ya kaya hazijaleta. Mtoto aliyeshinda njaa hanunuliwi kwa bei kubwa. Sahani ya chipsi inatosha. Mwaka huu mtama na mahindi vimepatikana, nimeviona vikianikwa kwenye nyua zenu, kwa hiyo kisingizio cha ukame sikipokei.

Siku ya kufungua shule mwezi Julai, kila mwanafunzi aje na mzazi au mlezi, si kaka wala jirani. Orodha mpya ya zamu itasainiwa mbele ya Mtendaji, na majina ya watakaokosa zamu yatasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Mahindi yapokelewe stoo siku hiyohiyo kabla ya saa nne asubuhi.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule