Mchezo wa maneno uhamishwe, usielezwe

Mhariri,

Wanaotaka kuwapa watoto wa Lubumbashi riwaya za ajabu kwa Kiswahili hukwama palepale: kwenye mchezo wa maneno. Wanafasiri neno, mchezo unakufa, kisha wanauzika kwa maelezo chini ya ukurasa. Hakuna mtoto anayecheka maelezo.

Chukueni The Phantom Tollbooth ya Norton Juster, iliyotoka Marekani mwaka 1961. Milo, mtoto anayechoshwa na kila kitu, anapita peaji (anayekwenda Kasumbalesa hahitaji kuelezwa) na kuingia nchi ambamo kila msemo ni kitu cha kushikika. Anakutana na mbwa mwenye saa mwilini, anayekasirika akisikia mtu anaua wakati. Mfasiri aliyezoea Kifaransa ataandika “kuua wakati” bila kufikiri. Lakini kwa Kiswahili wakati haufi, unapotea. Basi mbwa anuse ardhi akitafuta dakika zilizopotea! Ni kazi ya mbwa hasa, na hasira yake inabaki na sababu.

Karamu ndiyo yenye utajiri. Wageni wanatoa hotuba, halafu wanakula maneno yao wenyewe. Hapa Kiswahili kina akiba kubwa: kula kiapo, kula hasara, kula njama, kula feza za watu. Mgeni aseme, “Mimi nitakula hasara,” aletewe hasara kwenye sahani, kando ya bukari, ikitoa mvuke. Watoto wetu husema “kukula”. Iacheni hivyo kwenye mazungumzo, masimulizi yabaki sanifu.

Msikope michezo ya pwani. “Kaa” ya kuketi na ya moto haichezi hapa, ambapo watu wanaikala na kuwasha makala. Kipimo ni kusoma kwa sauti, bila picha, mbele ya watoto wa miaka 9 au 10. Wakiuliza maana kabla ya kucheka, tafuteni msemo mwingine.

Kuna pia kisiwa wanakotua wanaoamua jambo kabla ya kulijua. Kwetu mtu hurukia maneno, kwa hiyo Milo aruke kweli. Kurudi ni kuogelea tu, katika Bahari ya Maarifa. Milo anafika pwani amelowa, ameapa kutoamua tena bila sababu. Mwenzake mmoja aliogelea bahari ileile akatoka mkavu. Mfasiri anayeongeza hapo sentensi ya mafundisho anamkausha Milo naye.

Msomaji wenu,
Lubumbashi